Moshi hadi Lodwar: shajara ya maandalizi ya safari ya kujitolea

Oktoba, baada ya Dominika ya Misioni

Halmashauri ya walei imepitisha. Parokia yetu hapa Moshi itatuma kikundi cha kujitolea nje ya nchi mwezi wa sita mwakani, kwenye parokia moja ya Jimbo la Lodwar, kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo makaratasi yote yatapitia mkononi mwangu na shajara hii nitaiandika mimi.

Swali la kwanza kikaoni lilikuwa la haki kabisa. Longido na Simanjiro ziko jirani na shida ziko tele, tunavuka mpaka kutafuta nini? Baba Paroko alijibu kwa ufupi: hawa wametuomba. Padre mwenyeji alisoma naye, wamekuwa wakiwasiliana miaka yote, na ombi limekuja kwa barua yenye mhuri wa jimbo. Kisha akatukumbusha kwamba imani ilipanda mlima huu miaka ya 1890 kwa mapadre wa Roho Mtakatifu waliojenga Kilema, na kwamba Papa Paulo VI alipofika Kampala mwaka 1969 aliwaambia Waafrika kuwa sasa ni zamu yao kuwa wamisionari. Zaidi ya nusu karne imepita na parokia yetu bado inajua zaidi kupokea wageni kuliko kutuma watu. Hilo nimeliandika mimi, halimo kwenye muhtasari wa kikao.

Waliojiandikisha wamejaza ukurasa mzima, na wengine wameandika nyuma yake.

Novemba

Tulianza kwa kupanga tutakachopeleka: nguo, dawa, madaftari, mipira, mahindi. Mzee mmoja wa jumuiya ya Mtakatifu Yosefu alitaka kuchangia miche ya migomba. Nilimweleza kwa upole kwamba mmea hauvuki mpaka bila kibali cha KEPHIS, mamlaka ya afya ya mimea ya Kenya, na cheti cha afya ya mimea, na kwamba Lodwar hupata mvua ya takriban milimita 200 kwa mwaka. "Basi wamwagilie," akasema. Nikamwachia Baba Paroko.

Siku chache baadaye padre mwenyeji akatuma ujumbe wa sauti, na ujumbe huo ndio uliogeuza mradi wote. Nauandika kama alivyosema: "Tumsifu Yesu Kristu. Asanteni kwa ile orodha. Lakini hebu niwaambie ukweli. Hapa kituo cha wasichana mashine za kushona ziko karibu ishirini, wafadhili walileta. Zinazoshona ni saba. Zingine ziko store. Fundi tunamtoa Kitale, na nauli yake inashinda bei ya spea. Mkinipatia mtu wa kutengeneza hizo mashine na awafundishe wasichana wawili watatu kuzitengeneza wenyewe, mmenisaidia. Na stima ya dormitory, betri zimekufa."

Tulimsikiliza mara ya pili kikaoni, simu ikiwa katikati ya meza. Mahindi yakaondoka kwenye orodha palepale. Nguo zilibishaniwa, na zitabishaniwa tena.

Nimemwandikia kuomba picha: vyerehani vyote, kimoja kimoja, upande wa mbele na wa chini, pamoja na pakiti za sindano wanazotumia. Mama fundi wetu ndiye aliyeagiza hivyo. Anasema cherehani cheusi cha nyumbani hutumia sindano ya HA×1 na cha kiwandani hutumia DB×1, na mtu akibeba boksi la sindano zisizoingia amebeba misumari.

Majilio

Picha zimekuja. Vyerehani vingi ni vya miguu, vyeusi, vya aina moja, na hiyo ni habari njema kwa sababu spea zitaingiliana. Mama fundi alizipitia akiwa amevaa miwani yake ya kusomea na kutoa hukumu moja moja: hiki mkanda, hiki bobini, hiki kimejaa mchanga, hiki kimetolewa vipuri kuponya kingine, hiki kizikwe. Kwa hesabu yake vingi vitafufuka kwa usafi, mafuta na vipuri vya bei ndogo. Adui mkubwa ni vumbi. Mtu akiweka mafuta mengi na kuacha cherehani wazi usiku, mafuta hushika mchanga na mchanga husaga chuma. Ameagiza wasichana waanze na mifuniko ya kitambaa hata kabla hatujafika, na kule wamekubali. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mradi wa Turkana imefanywa na Waturkana, kwa vyerehani vyao saba.

Fundi umeme naye ana swali lake: betri zinakaa wapi? Zimo kwenye chumba cha mabati. Lodwar mchana joto hufika nyuzi 35 na kupita. Mafundi wana kanuni yao, kwamba kila joto linapozidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10, umri wa betri ya asidi hupungua kwa karibu nusu. Kwa hiyo kununua betri mpya na kuziweka kwenye kibanda kilekile ni kununua maiti. Ameomba wajenge kijichumba cha matofali chenye kivuli na matundu ya hewa, na akachora ramani kwenye karatasi ya hesabu. Betri zenyewe tutanunua Eldoret au Kitale ili dhamana iwe Kenya. Kuzibeba kutoka Moshi ni kujitafutia ushuru na mgongo mbovu.

Januari

Kikao na WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Huku nilienda na Sista kwa sababu peke yangu ningeshindwa.

Akina mama walikuwa wamekusanya nguo tangu Noeli. Ukumbi wa parokia una viroba hadi dirishani. Mama mwenyekiti alitupokea kwa chai na maandazi, nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema kabla sijafungua daftari, "Mwalimu, nimesikia mnazikataa."

Sista alimweleza. Kubeba viroba vile kuna gharama ya basi kutoka Moshi hadi Nairobi, Nairobi hadi Kitale, Kitale hadi Lodwar, na kuna forodha Namanga. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, lakini ni kwa bidhaa zilizozalishwa humu kwetu, na mitumba haikuzalishwa humu. Zaidi ya hayo, kule kuna kituo cha kushona kinachojaribu kuuza nguo. Tukishusha viroba vya bure mlangoni pake tunawaulia wasichana wale biashara.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo aliyoisikia. Mama mwenyekiti ana duka la vitenge Mbuyuni. Alikaa kimya, akamimina chai nyingine, kisha akauliza wale wasichana wanashona nini hasa. Sare za shule, nikasema, na wanataka kuanza kushona taulo za kike za kufua. "Basi nguo tutauza hapahapa mnadani, pesa inunue vitambaa. Lakini vitambaa wanunue kwao, msije mkasema WAWATA wameua duka la mtu."

Mnada ulifanyika baada ya Misa ya pili. Koti moja la sufu liliuzwa mara tatu kwa sababu kila aliyelinunua alilirudisha liuzwe tena. Mzee wa migomba alileta mkungu, ukapita bei ya koti.

Februari

Makaratasi. Hapa nitaandika kwa urefu kidogo kwa sababu parokia nyingine zitaniuliza.

Mtanzania haombi viza kuingia Kenya, na ule utaratibu wa kibali cha mtandaoni ulioanza Januari 2024 haumhusu raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ila kikundi kitasafiri kwa pasipoti, na pasipoti inataka namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), cheti cha kuzaliwa, na uthibitisho wa kuzaliwa kwa mzazi. Mama fundi alizaliwa nyumbani, na wazazi wake wakazaliwa nyumbani. Tumeanza RITA, ofisi ya kusajili vizazi na vifo, tumepita kwa mtendaji wa kata, tumeapa kwa wakili. Ada ya pasipoti ni shilingi 150,000, na kwa mtu anayeshona sketi za shule hiyo si hela ya kuweka mezani bila kuumia. Parokia imelipa.

Kuingia ni jambo moja, kufanya kazi ni jambo jingine, hata kama hulipwi. Kenya ina kibali cha daraja la I kwa shughuli za dini na hisani, na kuna kibali maalumu kwa kazi za muda mfupi. Anayeomba ni mwenyeji, yaani jimbo la Lodwar, sisi tunatuma nakala za pasipoti, vyeti vya ufundi na barua ya askofu wetu. Padre mlezi wa kikundi anabeba pia celebret yake, hati ya kuthibitisha kwamba ni padre mwenye ruhusa ya kuadhimisha, maana kola peke yake haithibitishi kitu.

Muuguzi wetu alitaka kwenda na kipimo cha presha na sanduku la dawa. Yamekatwa yote mawili. Leseni yake ni ya Tanzania, na kugusa mgonjwa Kenya kunahitaji usajili wa baraza la wauguzi la huko. Dawa nazo zina mlolongo wake, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja wa uhai zinapofika, wakati tulizokusanya nyingi zinaisha Agosti. Tumezipeleka zahanati ya parokia, zitumike sasa. Yeye atakwenda kufundisha afya ya uzazi na kukaa na darasa la taulo za kike. Alinuna siku mbili, kisha akaja na mtaala.

Jumatano ya Majivu

Baada ya ibada, mzee mmoja wa halmashauri, mhasibu mstaafu, alinishika mkono uwanjani. "Mwalimu, nimepiga hesabu. Nauli, malazi, pasipoti na chanjo za watu tisa. Hiyo hela inanunua vyerehani vipya. Kwa nini tusitume hela?"

Nilimpa jibu la padre mwenyeji: vyerehani wanavyo. Akatikisa kichwa. "Sawa. Lakini kati ya hao tisa, wanaojua cherehani ni wangapi?"

Wawili.

Nimekaa na swali lake usiku kucha. Turkana ina historia na misaada. Padre mwenyeji alitusimulia kwamba wilaya ile ilikuwa imefungwa kwa wamisionari hadi njaa ya mwaka 1961, Mapadre wa Kiltegan, shirika la Mtakatifu Patrisi kutoka Ireland, walipoingia na chakula cha msaada. Imani na gunia vilifika pamoja. Eneo likawa wilaya ya kitume mwaka 1968 na jimbo mwaka 1978, na hadi leo, anasema, gari la kanisa likisimama watu wanatazama nyuma kuona limebeba nini. Tukishuka tisa na mikono saba mitupu, tutalishwa, tutalazwa, tutachotewa maji, kwenye nchi ambayo kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha. Kila ndoo ninayooga kule imebebwa na mtu.

Kwaresima, wiki ya tatu

Orodha imepunguzwa hadi watu watano: mama fundi, kijana anayejifunza kwake, fundi umeme, muuguzi, padre mlezi. Aliyependekeza majina yakatwe ni mimi, na jina langu ndilo nililolianzia. Mimi ni mwalimu wa Uraia. Sijui kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani, na Ng'aturkana sijui hata salamu.

Haikupokelewa vizuri. Wanakwaya wawili walisema kama hakuna kuimba hakuna umisionari. Padre mlezi alisema katibu lazima awepo kuandika ripoti. Nilimwambia ripoti ya vyerehani itaandikwa na aliyevishika, na mama fundi ana simu. Baba Paroko akanitania kwamba Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu alitangazwa msimamizi wa misioni mwaka 1927 na hakuwahi kukanyaga nchi ya misioni. Nikamjibu kwamba yeye hakuachiwa stakabadhi.

Nitasema ukweli, ninatamani kuona lile Ziwa Turkana. Nitaliona kwa nauli yangu.

Pasaka

Mafungo ya siku mbili kwa masista. Padre alisoma Luka 10, wale sabini na wawili wanaotumwa wawili wawili, bila mfuko, bila mkoba, "wala viatu". Muuguzi akanyoosha mkono: viatu wavae, tena vya kufunika kidole, kwa sababu ya nge, nyoka, na miiba ya mathenge, ule mti wa kigeni uliotapakaa kaskazini mwa Kenya na miiba yake hutoboa hata tairi. Padre alikubali kwamba Luka hakufika Turkana.

Yeye muuguzi ndiye aliyechukua mchana wote, na sijajuta kumwachia. Malaria: sisi wa mlimani tumezoea baridi, wengi hatuna kinga ya kutosha, na Turkana mvua ikinyesha malaria hulipuka. Kwa hiyo dawa ya kinga, neti, mikono mirefu jioni. Kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaovimbisha wengu, iko Turkana na Pokot, husambazwa na usubi, kwa hiyo hakuna kukaa jioni kwenye vichuguu wala chini ya migunga. Na mbwa: Turkana ni kati ya maeneo yaliyojulikana duniani kwa ugonjwa wa vifuko vya minyoo ya mbwa, ambao huota kwenye ini, na shirika la afya la AMREF lilipambana nao huko kwa miaka mingi. Usimshike mbwa, nawa mikono kabla ya kula, basi. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari ili cheti kikubalike, na tangu mwaka 2016 cheti hicho ni cha maisha, kwa hiyo anayeambiwa arudie kila miaka kumi anadanganywa.

Siku ya pili, ulinzi wa watoto. Kituo kina wasichana wengi walio chini ya miaka 18. Tangu Papa Fransisko atoe Vos estis lux mundi, sheria ya Kanisa dhidi ya unyanyasaji wa kingono, mwaka 2019, na kuithibitisha kuwa ya kudumu mwaka 2023, hakuna jimbo makini linalopokea wageni bila karatasi hizi. Kila mmoja amesaini: hakai peke yake na mtoto chumbani, hampi mtoto zawadi ya siri, hampigi picha bila ruhusa ya kituo. Pia cheti cha polisi cha tabia njema chenye alama za vidole. Fundi umeme aliuliza kama na padre anatoa alama za vidole. Padre alinyanyua kidole chenye wino wa jana.

Kijana wa cherehani aliuliza kama watapita Kakuma "kuona kambi" ya wakimbizi. Jibu ni hapana. Kambi inahitaji kibali chake, na watu walioishi pale, wengine tangu mwaka 1992, hawako pale ili waonwe.

Mei

Kalenda imetusaidia. Shule za kwetu zinafunga Juni, wakati Kenya muhula wa pili bado unaendelea, kwa hiyo wasichana watakuwepo darasani. Tungekwenda Agosti tungekuta vyerehani bila wanafunzi.

Njia: Moshi, Arusha, Namanga, Nairobi, Kitale, Lodwar. Kutoka Kitale unapita Kapenguria, alikohukumiwa Jomo Kenyatta mwaka 1953 kabla ya kupelekwa huko huko Turkana, Lokitaung na baadaye Lodwar. Serikali ya kikoloni ilimtafutia mahali pa mbali na joto, na haikukosea ramani. Baada ya hapo ni kushuka Marich, kisha Kainuk, mpaka wa Pokot na Turkana, ambako wizi wa mifugo umewahi kufunga barabara. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilipeleka jeshi kwenye maeneo hayo. Sharti la mwenyeji ni moja na halina mjadala: Kainuk ipitwe mchana. Mtu wake atawapokea Kitale na kusafiri nao.

Vifaa vimepimwa kwenye mzani wa kahawa wa ushirika. Bisibisi, koleo, brashi, mafuta, mikanda, bobini, sindano za HA×1, mita ya umeme ya fundi. Mifuko miwili. Orodha ya forodha ina thamani ya kila kitu, na imeandikwa kwamba koleo na mita vitarudi, na vipuri vitabaki.

Baada ya Pentekoste

Misa ya kutumwa imefanyika. Mama fundi alipewa msalaba wa mbao pamoja na wenzake, akauvaa juu ya kitenge cha WAWATA. Mzee mhasibu alitoa bahasha na kuandika juu yake "sindano tu".

Kutoka Lodwar: kijichumba cha betri kimepauliwa. Picha imekuja, matundu ya hewa yako upande wa upepo kama mchoro ulivyotaka. Wasichana wanne wamechaguliwa kujifunza ufundi, badala ya wawili, na mama fundi amekubali ingawa amelalamika kwamba mikono minane kwenye cherehani kimoja ni mingi.

Kazi zangu kuanzia Jumatatu: simu yao ya Namanga, ya Nairobi, ya Kitale, na ile ya baada ya Kainuk. Hela ya betri iko kwenye akaunti ya parokia na nitaituma mwenyeji atakapoleta ankara ya duka.

Vibali vyote vimetoka, pasipoti tano ziko kwenye droo yangu. Kinachokosekana ni cheti cha polisi cha kijana wa cherehani. Nimeambiwa nirudi Alhamisi. Kisipotoka, wenzake wataondoka Jumatatu kama ilivyopangwa, na yeye atafuata na basi la wiki inayofuata, kwa nauli ambayo nimeshaitenga.